Mlango wa Gari la Mzee Maeng

Tak Mungap hakuwa na gari, wala leseni ya kuendeshea gari. Hakuwa na nyumba yake mwenyewe. Hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kulia, na kwa sababu hiyo kila alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja kama bi harusi. Hakuwa na cheo kanisani ila ushemasi, ambao kwetu hapa Sangju, Korea, hupewa mtu yeyote aliyekaa kanisani miaka kadhaa bila kugombana na mchungaji. Hakuwa na mkataba wa kazi uliozidi miezi mitatu. Na juu ya hayo yote hakuwa na neno "hapana". Mbele ya mtu aliyevaa tai neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, naye akalimeza.

Baiskeli alikuwa nayo. Mkewe, Yeom Pilrye, naye alikuwa na yake, ya kijani, yenye kikapu mbele na keria pana nyuma. Hilo peke yake si jambo la kujivunia katika mji wetu, ambao ni tambarare kama sinia na ambao wanafunzi, wakulima na vikongwe wenye mafungu ya vitunguu wamekuwa wakiuzunguka kwa baiskeli tangu zamani. Lakini miaka ya karibuni kila aliyepata vijisenti alinunua gari, akaiacha baiskeli yake ipate kutu barazani, kisha akaanza kuwahubiria wenzake faida za baiskeli. Pilrye hakuhubiri. Aliwahi kuulizwa na bintiye, Miran, kwa nini hakubali kununuliwa hata kipikipiki cha mitumba, akajibu huku anafuta mnyororo: "Hewa hii Mungu katuazima. Sasa nimrudishie imejaa moshi, halafu Jumapili nimwimbie?"

Mungap alikuwa mlinzi wa majumba ya ghorofa upande wa mashariki. Magari pale ni mengi kuliko nafasi, kwa hiyo wakazi huegesha safu ya pili nyuma ya safu ya kwanza, wakaacha breki wazi ili mlinzi ayasukume mwenye gari la mbele akitaka kutoka. Hivyo ndivyo kila asubuhi mtu asiye na gari alivyosukuma magari ya watu, kifua juu ya buti lenye umande, huku wenyewe wakimwangalia saa zao zikiwa mkononi.

Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, ambayo ndiyo iliyohuisha au kukata mikataba ya walinzi, alikuwa Maeng Deokho. Mtu huyo huyo alikuwa mzee wa kanisa la akina Mungap, na humo kanisani alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kutunza Uumbaji. Kazi ya kwanza ya kamati hiyo ilikuwa kung'oa vyuma vya kuegeshea baiskeli vilivyokuwa karibu na lango la kanisa. Mahali pale palihitajika kwa mashine ya kuchajia magari ya umeme. Gari la umeme lilikuwa moja tu, la Mzee Maeng.

* * *

Siku ya ajali ulikuwa msimu wa persimoni. Mji mzima ulikuwa umening'iniza matunda yaliyomenywa chini ya mapaa ili yakauke na kutoa sukari, na wanawake wa rika la Pilrye walikuwa mabandani wakimenya hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Pilrye alitoka bandani na ndoo ya maganda ameifunga kwenye keria. Alikuwa akiyapeleka kwenye kibustani alichokilima nyuma ya kanisa, alikopanda figili za chakula cha Jumapili. Alipita taratibu kando ya magari yaliyoegeshwa karibu na soko, akipiga kengele. Gari jeupe, ambalo halikunguruma wala kutikisika, lilifungua mlango ghafla mbele ya uso wake.

Mzee Maeng alishuka. Kitu cha kwanza alichokishika kilikuwa mlango.

"Ebo!" alisema akiupapasa ukingoni. "Rangi imetoka."

Pilrye alikuwa chini, mkono wa kulia umekunjika chini ya tumbo, maganda ya rangi ya chungwa yamemfunika hadi shingoni.

"Mzee," alisema, "nishike mkono kwanza. Rangi haiumwi."

* * *

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na mfupa wa bega umepata ufa. Alilazwa katika wodi ya wanawake sita, mkono wa kulia ndani ya plasta hadi juu ya kiwiko. Kitanda cha jirani alikuwapo Bibi Guk, kikongwe aliyevunjika nyonga, ambaye mwili wake wote ulikuwa mgonjwa isipokuwa mdomo.

Mzee Maeng alikuja akiwa amevaa tai, na boksi la chupa ndogo za juisi mkononi, kama desturi inavyotaka.

"Dada Yeom, pole sana. Tumekuombea kwenye ibada ya alfajiri."

"Asante, Mzee."

"Tumekutaja kwa jina."

"Na mlango nao mliutaja?" Bibi Guk akauliza, macho yake yako kwenye televisheni.

Mzee Maeng alijifanya hakusikia. Alivuta kiti, akatoa karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. "Hiki ni kijikaratasi tu cha bima. Hati ya maafikiano. Mambo haya tuyamalize kama familia moja, sivyo? Nimeshaandika kila kitu ili usijisumbue. Kinachotakiwa ni muhuri wa jina lako tu, mahali pa sahihi, hapa chini."

Pilrye aliishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisoma yote, midomo ikicheza. Ilisema kwamba mwendesha baiskeli, kwa uzembe wake mwenyewe, aligonga gari lililokuwa limesimama mlango wake ukiwa wazi.

"Mlango ulikuwa umefungwa, Mzee."

"Ulikuwa wazi, dada yangu. Ulishtuka tu, ukasahau."

"Nimevunjika mkono, sikuvunjika kichwa. Kamera ya gari lako inasemaje?"

"Gari likizimwa na kamera inazimika."

"Angalau kamera ina sababu," Bibi Guk akasema. "Mwenye gari macho yake yalizimwa na nini?"

Mzee Maeng aliinama, sauti ikawa laini kama ya mtu anayeuza bima. "Sikiliza, dada. Jumapili ijayo ni Jumapili ya Baiskeli. Ofisi ya mji itatuma mtu, gazeti la hapa litatuma mtu. Kanisa letu litapewa cheti cha utunzaji wa mazingira. Sasa watu wakisikia habari hizi za sokoni, jina la Bwana litatukuzwaje?"

"Wakisikia nini? Kwamba mwenyekiti wa baiskeli kaangusha baiskeli?"

"Unaona? Wewe mwenyewe unalisema vibaya."

"Basi liandike vizuri," Pilrye alisema. "Andika kwamba ulifungua mlango bila kutazama nyuma. Fedha yako siitaki. Hospitali nitalipa kidogo kidogo. Nataka neno hilo moja, basi, na muhuri wangu nitakubonyezea hapa hapa. Barabara ile nimeipita miaka yote kwa haki. Sitaki iandikwe popote kwamba niliipita kama mlevi."

Mzee Maeng aliirudisha karatasi ndani ya bahasha, akainuka, akainama kwa heshima kubwa mbele ya wodi nzima, akaondoka. Bibi Guk alifungua boksi la juisi, akageuza chupa moja na kuisoma kitakoni.

"Ala! Muda wake umeisha mwezi uliopita," alisema. "Hata juisi kaitoa kwenye jalala lake."

* * *

Kibanda cha mlinzi kina kiti kimoja. Mzee Maeng alipoingia, Mungap aliruka akasimama, akampa kiti, akabaki ameegemea ukuta karibu na jiko la umeme alilokatazwa kuliwasha kabla ya majira ya baridi.

"Kaa, kaa, Kaka Tak."

Kabla ya hapo Mzee Maeng hakuwahi kumwita kaka. Ndani ya majumba yale alimwita "bwana mlinzi", na kanisani alimwita "shemasi" bila kumtazama. Mungap hakukaa, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, ila alihisi joto kifuani. Alimmiminia chai ya shayiri katika kikombe chake mwenyewe, na Mzee Maeng akainywa. Kikombe kile kilimlevya Mungap kuliko pombe. Inachefua kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu anaweza kununuliwa kwa chai yake mwenyewe.

"Nimetoka kumwona mkeo tena. Mama mvumilivu kweli. Tumezungumza vizuri sana."

"Asante sana, Mzee. Samahani kwa usumbufu wa mlango."

"Usijali. Tumekubaliana. Shida ni huo mkono wake tu, umefungwa plasta, hawezi kubonyeza muhuri. Kasema wewe unajua unapokaa."

Mungap alikohoa. Usiku uliopita mkewe alikuwa amemwambia wodini, waziwazi, kwamba hatabonyeza uongo. Alilikumbuka hilo. Lakini huenda amebadili mawazo, alijiambia. Wanawake hutulia wakizungumzishwa vizuri. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Aliigusa, akaiacha.

"Na jambo jingine, Kaka Tak. Jumapili ya Baiskeli tunataka mtu wa kuongoza msafara. Mimi nikasema, kuna mwingine anayefaa kuliko Shemasi Tak? Mtu ambaye jua na theluji anakuja na baiskeli!"

"Mimi, Mzee?"

"Mbele kabisa. Utavishwa utepe." Mzee Maeng aliweka kikombe chini, akatazama mkataba uliobandikwa ukutani. "Mikataba nayo inaisha mwezi huu, eeh? Kuna wakazi wanasema kamera zinatosha, walinzi wapunguzwe. Mimi huwa nakutetea."

Jioni ile Mungap alifungua mkebe wa vifungo wa mkewe. Muhuri ulikuwa chini kabisa, umefungwa kwenye kitambaa: kijiti cha mti wa persimoni ambacho babake Pilrye alikichonga bintiye alipoajiriwa kiwanda cha hariri, ili apokee mshahara kwa jina lake mwenyewe. Aliuchovya kwenye wino mwekundu, akaupulizia pumzi, akabonyeza. Alama ilitoka safi, bila doa.

* * *

Pilrye aliruhusiwa kutoka hospitali Jumamosi. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, plasta imefungwa shingoni kwa kitambaa, kwa kuwa mumewe alikuwa ametangulia alfajiri kwa mambo ya msafara.

Alikuta uwanja wa kanisa umejaa magari kuliko Krismasi. Baiskeli zilikuwa zimeletwa na lori, zote mpya, za kukodi, zikiwa bado na karatasi za plastiki kwenye usukani. Wazee wa kanisa walikuwa wamevaa kaptula za kubana na kofia za plastiki zilizowakaa kama bakuli, matumbo yao yametangulia. Begani mwa kila mmoja kulikuwa na utepe wa njano wenye maandishi: Tunatunza Uumbaji wa Mungu. Bango refu la kitambaa cha nailoni lilifungwa kwa waya kwenye mti wa ginko, na waya ulikuwa umekata gamba la mti. Baiskeli ya Mungap iliwekwa mbele kwa sababu mpiga picha alitaka moja iliyochakaa.

"Iko halisi," mpiga picha alisema. "Baba, usitabasamu na mkono mdomoni. Toa mkono."

Mungap alitoa mkono. Pengo lake lilipigwa picha.

Waliendesha kutoka langoni hadi darajani, mwendo ambao Pilrye huumaliza kabla hajaanza kutoka jasho. Darajani walirusha maputo ya rangi zote angani kwa heshima ya uumbaji. Mengine yalipasuka juu ya maji, yakaelea kwenye matete kama matumbo ya samaki. Walikunywa maji ya chupa, wakaziacha chupa ukingoni, na magari yao, ambayo vijana wa kwaya walikuwa wameyaleta kwa njia nyingine, yakawarudisha kanisani kwa ibada. Baiskeli zilipakiwa kwenye lori. Aliyerudi kwa baiskeli ni mmoja tu, naye alifika amechelewa, akakaa nyuma, utepe umemganda mwilini kwa jasho.

Mchungaji Seok alihubiri juu ya bustani ya Edeni. Halafu, kabla ya matangazo, alikunjua uso wake mnene ukawa mpole.

"Tuna ushuhuda mdogo. Dada yetu Yeom Pilrye alipata ajali kwa kutokuwa mwangalifu barabarani, akagonga gari la Mzee Maeng. Lakini dada huyu, kwa unyenyekevu wa ajabu, alikiri kosa lake kwa maandishi. Na Mzee Maeng amemsamehe kabisa! Wapendwa, hii ndiyo familia ya Mungu. Dada Yeom, hebu simama kidogo."

Watu walipiga makofi. Pilrye hakusimama. Mwanamke aliyekaa karibu naye alimshika kwapani kwenye mkono mzima, akamwinua kwa upendo kama anavyoinuliwa mtoto mwenye haya. Akasimama, basi, plasta kifuani, na makofi yakaongezeka. Hakumtazama mchungaji wala Mzee Maeng. Aligeuza shingo polepole hadi macho yake yakaufikia utepe wa njano kwenye kiti cha nyuma.

Chini, kwenye ukumbi wa chakula, supu ilikuwa ya majani ya figili zake mwenyewe. Hakuinywa.

* * *

Nyumbani alikaa sakafuni bila kuvua koti.

"Muhuri wangu uko wapi?"

"Mkebeni."

"Ulete."

Aliuleta. Wino ulikuwa bado umekwama kwenye herufi za jina lake.

"Aliniambia mmekubaliana," Mungap alisema. "Aliniambia huwezi kubonyeza kwa sababu ya plasta."

"Baba Miran, plasta iko mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na huu?"

Pilrye aliunyanyua mkono wa pili juu zaidi.

"Nakuuliza, huu ni mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Muhuri ni kalamu? Unahitaji mwandiko? Mtoto wa chekechea haubonyezi? Kuku nikimshika mguu hawezi kuubonyeza? Umeishi na mihuri miaka sitini, ukaambiwa mtu aliyevunjika mkono mmoja hawezi kubonyeza muhuri, ukasema ndiyo Mzee!"

"Mkataba unaisha mwezi huu..."

"Ungesema hivyo! Ungekuja wodini ukaniambia, Mama Miran, nimeshikwa koo, tufanye nini. Pengine ningebonyeza mwenyewe kwa machozi yangu. Lakini umekwenda kwenye mkebe wangu kama panya. Halafu ukavaa utepe."

Aliinuka, akaenda kwenye sinki. Aliubana muhuri kati ya plasta na kifua, na kwa mkono wa kushoto akausugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo. Maji mekundu yalitiririka. Alisugua hata baada ya maji kuwa meupe. Mungap alisogea ili amsaidie kufunga bomba.

"Usiniguse," alisema. "Unanuka wino."

* * *

Katikati ya juma bima ilileta barua. Kwa kuwa mwendesha baiskeli amekiri kosa kwa hati yenye muhuri wake, ilisema, anatakiwa alipe gharama ya kutengeneza na kupaka rangi mlango wa gari. Kiasi kilizidi mshahara wa Mungap wa mwezi mzima. Pilrye aliisoma, akaisukuma upande wa mumewe juu ya meza, akaendelea kula wali wake na kimchi, kabichi iliyochachushwa, kwa kijiko cha mkono wa kushoto, punje zikimdondoka.

Asubuhi iliyofuata Mungap alimsubiri Mzee Maeng kwenye maegesho. Alikuwa ametoka kusukuma magari. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la watu.

"Mzee, kuna barua imekuja. Ya mlango."

"Ah, hiyo si mimi. Ni bima ndiyo inadai. Mimi ningekuwa na uwezo ningezuia, lakini hao watu wanafuata karatasi."

"Karatasi si ya kweli, Mzee. Mke wangu hakukubali. Wewe unajua, na mimi najua."

Mzee Maeng alitazama madirisha ya juu, akamsogelea. Alinuka sabuni nzuri.

"Shemasi Tak, punguza sauti. Muhuri nani alibonyeza?"

"Mimi."

"Ni wako?"

"Wa mke wangu."

"Basi kubonyeza muhuri wa mtu bila ruhusa yake ni jinai. Mimi nilipokea karatasi iliyokamilika, nikashukuru Mungu. Kati yetu sisi wawili, polisi watamshika nani?" Alimpigapiga begani, kisha akakitazama kiganja chake, akakifuta kwenye leso. "Lipa kidogo kidogo. Nitazungumza na kamati, mkataba wako nitausukuma. Tumeelewana?"

Mungap alifungua mdomo. Mwiba ulikuwa pale pale. Aliutazama mlango mweupe wa gari, ambao ulikuwa umeshapakwa rangi na kung'aa kuliko mwanzo, akaona uso wake ndani yake, pengo na yote. Ghafla aliona kinyaa kweli kweli, kama mtu aliyegundua nusu ya funza ndani ya tunda alilokwisha kuuma. Si kwa Maeng tu. Kwa mtu yule wa kwenye mlango.

"Hapana," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema hapana, Mzee."

Neno lenyewe lilitoka dogo, lenye mate. Lakini lilitoka.

* * *

Jioni aliiandikia bima barua, kwenye meza ya chini, kwa mwandiko wake mkubwa wa shule. Aliandika kwamba yeye, Tak Mungap, alibonyeza muhuri wa Yeom Pilrye bila idhini yake, kwa kutojua kwamba alikuwa amekataa. Kwamba mlango wa gari ulifunguliwa na Mzee Maeng Deokho bila kutazama nyuma. Kwamba hati ile ni batili, na maneno haya haya atayapeleka polisi yeye mwenyewe, pamoja na mwili wake. Pilrye alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Hapa umeandika 'kwa kutojua'. Ulijua."

Alikata, akaandika upya ukurasa mzima.

"Utafungwa," Pilrye alisema baadaye kidogo.

"Au nitatozwa faini."

"Na kazi imekwisha."

"Imekwisha."

Hakumwambia amemsamehe, na Mungap hakuuliza. Alisema tu: "Kesho chukua baiskeli yangu. Yako keria yake imelegea, siwezi kukaa."

Kwa hiyo asubuhi yake mji uliona jambo ambalo haukuwa umeliona siku nyingi: Mungap anaendesha baiskeli ya kijani iliyonyooshwa usukani kwa nyundo, na nyuma yake mkewe amekaa upande, plasta mapajani, mkono wa kushoto umeshika tandiko. Hakumshika mumewe kiuno. Walipita sokoni. Magari yalikuwa yameegeshwa kama siku zote, na mbele ya kila mlango Mungap alipiga kengele.

Walipofika posta waliomba barua ithibitishwe maandishi, yaani posta ishuhudie kilichoandikwa. Karani, msichana mwenye miwani, alizitaka nakala tatu zinazofanana: moja ya kwenda, moja ya kubaki posta, moja ya mwenye kuandika. Alizilinganisha mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Alipofika katikati kalamu ilisimama. Alimtazama Mungap, akatazama plasta, akaendelea.

"Mnajua kwamba hii ikishathibitishwa hamwezi kusema hamkuandika?"

"Ndiyo maana tumekuja," Pilrye alisema.

"Hapa pa mwandishi, muhuri. Na hapa, pa mwenye kuathirika."

Mungap alibonyeza wake. Pilrye alitoa kile kijiti cha mti wa persimoni kwenye kitambaa, akakichovya, akakibonyeza mara tatu kwa mkono wa kushoto, moja kwa kila nakala. Ya kwanza ilikaa upande kidogo. Aliitazama.

"Imepinda," karani alisema. "Niwape karatasi nyingine?"

"Iache. Ndivyo mkono huu unavyobonyeza."

Karani alipiga muhuri wa posta kwenye viungo vya kurasa, akakunja nakala moja, akaitia ndani ya bahasha. Akaiweka mbele yao na gundi. Mungap alipaka, Pilrye akaikandamiza kwa kiganja, akakaa nayo hivyo hadi ikashika. Kisha karani akaichukua, akaiandikia namba, akaitupa kwenye kikapu cha nyuma pamoja na barua za watu wengine.

"Imekwenda," alisema. "Anayefuata."